Shakwe Wenye Ushungi Mweusi

Hadi leo, nikinusa tope la mikoko linaloanikwa na jua baada ya maji kupwa, mgongo hunisisimka. Wenzangu husema linanuka. Mimi hunirudisha Kiongoroni, kijiji chetu cha deltani, nikiwa bado kibogoyo wa meno ya mbele.

Shangazi yangu Mwanahawa, dada wa baba, alikulia Mtunda kwenye mashamba, akaja kuishi nasi deltani. Alipenda ndege kuliko wanawake wengine walivyopenda harusi. Masika moja akasikia kwamba kwenye fungu la mchanga, mdomoni mwa mto, wameshuka shakwe wasiojulikana. Asubuhi akanipakia mtumbwini, akamwambia mama tutarudi uji haujapoa.

Kweli tuliwakuta. Shakwe wetu wa kila siku ni wadogo, vichwa vya kijivu. Hawa walikuwa wakubwa kama mabata, vichwa vyeusi tii kana kwamba wamejitanda ushungi. Tukawasogelea kwa kutambaa, gauni langu likijaa mchanga, na hakuna aliyekumbuka kuwa siku ile ilikuwa ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida.

Nilipogeuka, pondo la kusukumia, tulilochomeka mchangani tukafungia mtumbwi, lilikuwa limeng'oka.

"Shangazi, mtumbwi!"

Ulikuwa unaelea, si mbali, ukizunguka polepole. Shangazi aliutazama kidogo tu. Akanipandisha mabegani, akanipa kanga yake niipunge.

Maji yalikuja bila kelele. Yakamfunika nyayo, yakapanda magotini. Nikaanza kulia.

"Usitazame chini," akasema. "Niangalizie wale ndege. Miguu yao rangi gani?"

"Manjano."

"Na midomo?"

"Manjano. Ina wekundu kwa mbele."

Nilijibu huku nikipunga, nimekasirika: mtu mzima anauliza midomo ya ndege nasi tunazama! Mara shakwe wakaruka wote, na pale walipokuwa pakawa maji matupu.

"Wameelekea wapi?" akauliza. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni.

Ndipo mashua ya wakata boriti ilipochomoza kwenye kona ya mikoko. Jirani yetu Baba Somoe akatuvuta ndani, akifoka, "Mwanahawa, hao ndege watakuua!" Shangazi alinishika mkono hadi vidole vikaniuma.

Miaka mingi nilisimulia kisa hiki ili watu wamcheke shangazi na ndege wake, nao walicheka. Nilishakuwa mama, siku moja tunamenya mihogo kwake Mtunda alikorudi, ndipo nilipomwuliza kwa nini hakuogelea kuufuata mtumbwi ulipokuwa bado karibu.

"Kuogelea?" akasema, bila kuinua uso. "Sijui kuogelea, mwanangu. Sijawahi kujua."

Nikaweka kisu chini. Maswali yale yote ya miguu na midomo alikuwa akiniondolea macho kwenye maji, ili ayatazame yeye peke yake.