Rubani wa Kinyerezi na Msiba wa Segerea

Jirani yangu Gibson ni karani wa masjala katika ofisi moja ya umma huko Temeke. Ukimwita karani, masikio yanaziba. Mwite rubani, anaitika kabla hujamaliza. Ndege yenyewe hajawahi kupanda hata siku moja. Kwao Moshi huenda kwa basi, tena hulalamika kiti.

Anachofanya ni kuunda vijindege vya kizamani, vya mtindo wa enzi za vita vya Hitler. Mbavu zake ni vijiti vyepesi kuliko biskuti, ngozi yake ni karatasi laini, na injini ni raba ndefu inayosokotwa mpaka ijae mafundo. Haina rimoti. Ukishaiachia umeiachia, inakwenda inakotaka.

"Rimoti ni ya wavivu," hutuambia. "Ndege ya kweli haiamrishwi."

Na huyo ndiye mwanamume ambaye nyumbani kwake mkewe haruhusiwi kubadilisha chaneli ya televisheni. Mke ni Mwalimu Kokuberwa, Mhaya mpole kwa nje. Meza yao ya chakula haijawahi kuliwa chakula tangu inunuliwe, maana kila siku kuna bawa linakauka gundi juu yake. Watu wazima wanakula na sahani mapajani kama wako mkutanoni.

Mwaka huu Gibson akamaliza ndege kubwa kuliko zote. Nikinyoosha mikono yote miwili, mabawa bado yananizidi. Juu ya bawa akaandika kwa rangi nyekundu: RUBANI GIBSON, KINYEREZI.

"Si ungeandika na namba ya simu, ikipotea?" Kokuberwa akamuuliza.

"Kwani ndege za abiria zinaandikwaga namba ya simu?"

Ikabaki kungoja siku tulivu. Jumapili kuna kanisa, Jumamosi uwanja una mpira. Utabiri ukasema Jumatano. Jumatano ni siku ya kazi, lakini rubani hashindwi. Jumanne alimpigia bosi wake simu, sauti ameikwaruza, akasema mjomba Eliaichi aliyemlea amefariki ghafla. Wakati huo Mzee Eliaichi alikuwa shambani kwake Moshi, mzima wa afya, anakata ndizi. Bosi akasikitika, akampa ruhusa akazike.

Asubuhi hiyo tulikuwa wawili tu uwanjani, mie na yeye. Nilishika pua ya ndege, yeye akaisokota raba kwa drili ya mkono. Mkiani kuna utambi mdogo. Ukiuwasha, unaungua polepole mpaka unakata uzi, mkia unainuka, ndege inashuka isije ikapotelea mbali. Nikamkumbusha auwashe.

"Utambi ni wa waoga," akasema, akaiachia.

Nisimnyime haki yake. Ilipanda vizuri mno. Propela ilinguruma kidogo, raba ikaisha, ikanyamaza, halafu ikaanza kuzunguka taratibu kama mwewe, na kila mzunguko iko juu zaidi. Hewa ya moto ilikuwa imeibeba. Jua lilipita kwenye ile karatasi, ukaona mbavu zote. Gibson alisimama mdomo wazi, machozi yanamtoka. Kisha upepo unaotoka bara ukaisukuma kuelekea Segerea, na machozi yakabadilika maana.

"Bodaboda!" akapiga kelele.

Tulipanda mshikaki, watu watatu kwenye pikipiki moja, Gibson nyuma kabisa, shingo ameikunjia angani, anamwongoza dereva: "Kushoto! Kulia! Hapana, imegeuka!" Tulipita kwenye nyua za watu na kamba za nguo. Mwisho tukaiona inashuka nyuma ya ukuta mrefu. Gibson akasukuma geti, akaingia mbio.

Ndani kulikuwa na turubai, mikeka, na wanaume wamekaa kimya wamevaa kofia. Ndege yake ilikuwa imetua juu ya turubai, imetulia kama imealikwa. Ulikuwa msiba wa Mzee Muhsin, Mwarabu mwenye duka la vitambaa la miaka mingi. Gibson akapunguza mwendo, akainamisha kichwa, akaanza kupeana mikono. Nami nikafuata, ningefanyaje?

Tukakaa mkekani. Hapo akatokea mama mmoja mlangoni mwa nyumba, amejitanda khanga. Alikuwa Bupe, mhudumu wa ofisini kwao Gibson, anaishi mtaa huohuo na siku hiyo ameomba ruhusa kumzika jirani.

"Gibson! Kumbe msiba wako ndio huu?" akasema. "Pole baba, pole sana. Na sie ofisini tulikuwa tunaulizana tuje wapi."

"Asante, dada," Gibson akajibu kwa sauti ya chini.

Bupe akatazama wale wazee wa Kiarabu, akamtazama Mchaga wake. "Mzee Muhsin alikuwa mjomba wako? Kwa upande upi?"

"Wa... wa malezi."

Mazin, mtoto mkubwa wa marehemu, akageuka kumtazama huyu binamu mpya. Siku ya kuzika baba yako huna nguvu ya kubishana ukoo. Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini kijana mmoja wa ukoo alikuwa amepanda ngazi kuondoa ile ndege, na bawa likakwama kwenye kamba. Akalishika ncha mbili, tayari kulikunja.

"Usilikunje!" Gibson akaruka kutoka mkekani. "Litavunjika! Shika katikati, kwenye mbavu!"

Msiba mzima ukamgeukia. Yule wa ngazini akasoma kwa sauti maandishi mekundu, neno kwa neno. Bupe akafunika mdomo kwa khanga, na sikujua kama analia.

Mazin akaipokea ndege, akampa Gibson kwa mikono miwili. "Chukua ndege yako, braza. Baba angecheka sana. Lakini sasa utatusaidia kubeba jeneza."

Akabeba, mpaka makaburini, zamu baada ya zamu, viatu vimejaa mchanga. Mie nilibaki nimeshika ndege.

Ofisini alipewa barua ya onyo, na habari ikafika Moshi kabla ya wiki kwisha. Mzee Eliaichi alipiga simu: "Nasikia nimekufa. Nakuja uniambie nilikufa na nini." Alikuja, akakaa miezi miwili, akadai chakula chake mezani kama binadamu. Kokuberwa alikusanya mabawa yote akayapeleka stoo, akifurahi waziwazi.

Siku hizi hurusha Jumamosi, baada ya mpira, upepo ukiwa mbaya. Ndege zinaanguka palepale miguuni pake, naye hutueleza kwa kirefu kosa la upepo.