Chupa ya Mwalimu Kipruto

Chekeni mkitaka, lakini maji mimi simwagi ovyo. Baada ya vita vya uchaguzi niliishi kambini, nikigombania maji kwa foleni. Tangu nirudi kufundisha hapa Eldoret, hata maji ya kuoshea omena, wale dagaa wetu, naweka kwa chupa, nabeba hadi shuleni, namwagilia sukuma wiki nyuma ya jikoni.

Wiki iliyopita Mwalimu Kipruto aliniletea chupa ya mursik, maziwa yao ya kugandishwa, kutoka kijijini kwao Ziwa. Mimi Mjaluo, yeye Mkalenjin. Tangu vita, hakuna aliyekuwa amempa mwenzake wa kabila lingine kitu cha kunywa katika staffroom yetu. Nilimaliza yote. Chupa ikabaki, na mimi chupa situpi. Jumatatu nikaijaza maji yangu ya omena, nikaiacha mezani staffroom nikatafute jembe.

Kurudi, namkuta Kipruto ameinua chupa mbele ya walimu wote.

“Madam Akinyi hajarudisha chombo kitupu! Ameniletea uji!”

Akapiga funda refu, akakodoa macho. Walimu wakanigeukia kama mtu aliyetia sumu.

“Madam, hii ni nini?” Kipruto akauliza.

“Maji ya omena,” nikasema, kichwa juu. “Ya kumwagilia ile sukuma mnakula hapa kila siku, na mnaitisha nyongeza.”