Mkono wa Léonard

Siku yangu ya kwanza ghalani Clairwood, hapa Durban, mlinzi Léonard alinisalimu kwa mkono wa kushoto, nikadhani ananidharau. Wa kulia ulikuwa mfukoni. Kabla ya Durban alipakia magogo Manzhouli, mji wa China mpakani na Urusi. Mji huo ulizaliwa na reli ya Warusi, ambayo bado ni pana kuliko ya Wachina, hivyo mizigo huhamishwa pale, kwenye nyika isiyo na mti wa kukinga upepo. Vidole vyake viliganda, vikakatwa. Mkewe Constance, aliyebaki Bukavu, hajui.

“Muambie, muzee,” mlinzi mwenzake Glody humsihi. “Akikuona ataomba basi imurudishe!”

“Nikimuambia, hatapanda.”

Constance anafika Jumamosi. Léonard ameshanunua shuka mpya, na kila asubuhi ananiuliza mabasi ya Johannesburg huingia saa ngapi.