Meno ya Uongo Katika Kota za Polisi

Juzi nilipita kwenye kota za polisi nilikokulia, nikakuta kota hazipo. Yamejengwa maghorofa yaliyopakwa rangi ya maziwa, nguo zimeanikwa kwenye roshani. Nikamuuliza mlinzi wa getini zile nyumba za mviringo za zamani zilikwenda wapi. "Nyabo, hiyo mabati waliuza zamani sana," akanijibu, kisha akaendelea na simu yake. Nikakaa kwenye jiwe pale nje nikakumbuka, na wewe mwenzangu unanijua, nikianza kukumbuka sina breki.

Tuliziita unipoti. Kibanda cha bati, mviringo kama sufuria iliyofunikwa, familia nzima humo ndani, pazia la kitenge likitenga kitanda cha wazazi na godoro letu. Jua likiwaka mnaungua, mvua ikinyesha hamsikilizani. Wengi tulikuwa watu wa kaskazini, lakini walikuwepo wa kila pembe, na Kiswahili cha kambi ndicho kilichotuwezesha kugombana na kupatana. Asubuhi tarumbeta, halafu harufu ya dagaa wa ziwani Ggaba kutoka kwa jirani yetu Mnubi, aliyesuka sinia za ukindu huku akisimamia watoto wa mstari mzima. Jumamosi bibi, mama yake baba, alipika malakwang, yale majani machachu yanayoungwa kwa simsim, na mimi ndiye niliyelamba mwiko.

Nilikuwa mtoto wa kupekua. Bibi alisema pua yangu hufika kabla ya miguu, na hakunionea. Basi mdogo wangu wa kiume alipoanza kuhara na kuwaka homa, hata kukaa bado hajajua, mimi ndiye niliyesogea karibu kusikia wakubwa wananong'ona nini. Walisema ni meno ya uongo.

Kama hukukulia kwetu, hebu nikueleze. Watu waliamini mtoto mchanga anaweza kuota meno mabaya chini ya ufizi, na hayo ndiyo yanayomletea homa na kumharisha. Yasipochimbwa, mtoto anakufa. Kule Namuwongo alikuwepo mama mmoja fundi wa kuyachimba, kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Mimi niliposikia hivyo nilitaka jambo moja tu, kuyaona. Mchana bibi aliposinzia nikamfungua mdogo wangu mdomo, nikapitisha kidole. Ufizi ulikuwa laini, na pale chonge linapoota palikuwa na kivimbe kidogo cheupe. Nikakaa nikiwaza, kama lile ni jino la uongo, la kweli litaota wapi?

Baba alikuwa amepelekwa kazini mpakani, kwa hiyo shauri lilibaki kwa mama na bibi, na unajua mama mkwe akisema huwa amesema. Mama aliporudi kutoka bombani alikuta yule fundi ameshaketi mkekani, kitambaa kimekunjuliwa, spoku na chumvi vimepangwa, na bibi amempakata mtoto. Mama aliweka ndoo chini. Akapiga magoti kama ilivyo heshima, lakini mikono ilikwenda moja kwa moja kwa mtoto.

"Mama, naomba unisamehe. Huyu hachimbwi."

"Unataka tumzike?" bibi akauliza.

Mama alifungua kinywa chake. Miaka yote nilikuwa nikiona anacheka akiziba mdomo kwa kiganja, nikidhani ni adabu. Kumbe machonge yote mawili ya chini hayakuwepo, ni mapengo matupu. "Na mimi walinichimba nikiwa mchanga, Mama. Hayakuota tena."

"Lakini ulipona," bibi akasema.

Jibu la hilo mimi hadi leo silijui. Mama alimfunga mtoto mgongoni, akanishika mkono, tukatoka. Jirani Mnubi alituona tunapita, akaacha kusuka, akanichomekea kabalagala mbili za moto, vile vitumbua vya ndizi, kwenye mfuko wa gauni. Nilikula njiani, nikiona aibu kuwa nasikia njaa.

Zahanati ilijaa. Zamu yetu ilipofika nesi alimgusa mtoto paji la uso, akaandika dawa ya homa, akaita mwingine. Mama hakusogea. Akarudi kuketi kwenye benchi, mbele kabisa, macho kwenye mlango wa chumba cha daktari.

"Mama, nimekwisha kukuhudumia," nesi akamwambia. "Wenzako wanangoja."

"Musawo, mtoto analia bila machozi. Tangu asubuhi hajakojoa. Naomba daktari amwone. Asipomwona, mimi sitoki hapa."

Watu walianza kunung'unika. Mmoja akasema wake za askari wana kiburi. Mama hakupandisha sauti hata kidogo, ila mimi nilikuwa nimeegemea paja lake na nilisikia linatetemeka. Nilishangaa. Kwetu anayetetemeka ni anayeshindwa, na yeye alikuwa anatetemeka huku amekaa pale pale. Mwishowe daktari alitoka kuona kuna nini. Akalibana tumbo la mtoto kwa vidole viwili, ngozi ikabaki imejikunja, mwili umeishiwa maji. Akamnyakua mikononi mwa mama na kukimbia naye ndani, akiita aletewe dripu.

Tulilala wodini. Kesho yake bibi alikuja na chupa ya uji, akaketi sakafuni kando ya kitanda, akaushika mguu wa mjukuu wake. Mama alimpa kikombe cha maji yenye sukari na chumvi, na kijiko. "Mama, mnyweshe wewe. Kidogo kidogo." Bibi akamnywesha hadi jioni, hadi mtoto akalia, na safari hii machozi yakatoka. Mama akacheka, mdomo wazi, akasahau kuuziba.

Mdogo wangu sasa ni baba mtu, na karanga anazivunja kwa meno yake mwenyewe. Mama yupo, anasumbua manesi kwa ajili ya wajukuu. Bibi ndiye hatunaye. Kabla hajaondoka, siku moja tukimenya mbaazi, nilimuuliza swali nililolibeba tangu utotoni, kwa ubishi wangu wa mtu aliyesoma: je, kweli aliamini ile spoku inaponya?

Aliendelea kumenya. "Nilizaa wawili kabla ya baba yako," akasema. "Waliharisha hivyo hivyo. Vita ilikuwa njiani, zahanati imefungwa, daktari amekimbia. Mama yako alipata benchi, akakaa, akakataa kutoka. Mimi ningekaa wapi? Mtoto anakufa mkononi, mtu akakuletea spoku, utaikataa? Walipokufa nikasema tumechelewa kuchimba. Ndiyo maana kwa mdogo wako sikutaka kuchelewa."

Ubishi wote uliniisha. Nikamuuliza hao wawili waliitwa nani. Aliziweka mbaazi chini, akayataja majina yao taratibu, moja kisha la pili, akasema hata baba hakuwahi kumuuliza. Unipoti zimeuzwa, bibi tumemzika, na majina yale sasa nayajua mimi tu.