Udongo wa Mke Mwenza

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, na nikikuambia kwamba niliamka na wivu, usidhani ni ule wivu mdogo wa kumwona jirani na kitenge kipya. Niliamka nao, nikaswali nao, nikanywa nao chai. Mke mwenzangu, Sauda, alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana, na mimi mke mkubwa, niliyeolewa kwa ngoma na vigelegele, nilikuwa sijashika mimba hata mara moja. Nilikuwa kijana bado, na roho iliniuma mpaka chakula hakipiti.

Tulikaa nyumba moja huko Lubaga, kwenye mteremko, sisi wawili na mume wetu Ramadhani na mama yake, Bi Mastura. Ramadhani alikuwa na duka la jumla Kikuubo. Mimi nilikuwa na meza yangu soko la Owino, nikiuza mashuka na mapazia. Sauda hakuwa na meza. Kazi yake ilikuwa kukaa barazani na kushika tumbo. Haya, niseme kweli: alikuwa pia akipika, akifua, akimkanda mama mkwe miguu. Lakini mimi niliona tumbo tu. Ramadhani akirudi na papai, papai linakwenda kwa Sauda. Mimi niliyependa mapapai tangu utoto, nikaanza kuyachukia.

Sasa, sisi Wanubi tuliokulia Kampala tumechukua mengi kwa Waganda, na moja ni mumbwa. Ni udongo unaokandwa na majani ya dawa, ukafinyangwa vijiti, ukaanikwa juani. Mwenye mimba anasugua kijiti juu ya jiwe kwa maji kidogo, anakunywa. Owino inauzwa wazi, karibu kabisa na ilipokuwa meza yangu. Lakini Bi Mastura hakutaka ya sokoni.

"Ile ya soko unajua nani alichimba?" aliniuliza. "Unajua alikuwa na roho gani?"

Nyumbani kwake kulikuwa na desturi aliyoipokea kwa mama yake. Udongo wa mja mzito unachimbwa na mwanamke wa nyumba ile ile, kwa mkono wake mwenyewe, na mwenye kinyongo haruhusiwi kugusa jembe. Akishachimba anauramba kidogo, kisha anamlisha mwenye mimba. Anayestahili kuchimba ni mke mkubwa. Yaani mimi.

Tukaenda sote watatu kwa pikapu ya duka, na dereva wa Ramadhani. Sauda na mama mkwe walikaa mbele kwa ajili ya tumbo. Mimi nilikaa nyuma na gunia na jembe, vumbi lote likaniishia mimi. Unacheka? Mimi sikucheka.

Ilikuwa mbali, kupita Mityana, halafu njia ya vumbi katikati ya migomba, halafu migomba ikaisha. Sikuwa nimewahi kuona mahali kama pale. Mvua ilikuwa imekula kilima chote upande mmoja. Majani yaliishia ghafla, na chini yake ulikuwa udongo mtupu: nguzo ndefu kuliko mtu, kuta nyembamba, vichochoro vilivyopinda ambavyo watu wawili hawapishani. Baadhi ya nguzo zilibeba jiwe bapa juu, kama wanawake wenye mabeseni kichwani. Chini udongo ulikuwa mweupe, juu yake wa njano, juu kabisa mwekundu wa rangi ya ini. Ukigusa ukuta unabaki na unga mkononi. Palikuwa kimya, ila chembe za udongo zilikuwa zikidondoka zenyewe huku na kule.

"Banange!" Sauda akashangaa. "Hii Mungu alijenga lini?"

Bi Mastura akacheka, akamshika mkono wasiteleze. Mimi nilikuwa nyuma yao na gunia, nikaona wivu hata kwa mkono ule. Nikajiambia, na mimi ningeshikwa mkono ningesema maneno ya kuchekesha.

Tulipofika penye udongo mweupe mama mkwe akaninyooshea jembe. Sikulipokea.

"Mama, mimi siwezi kuchimba," nikasema. "Nina kinyongo."

Nilifurahi kulisema lile neno, sikufichi. Desturi yake mwenyewe ilikuwa imenipa njia. Nilitaka turudi Lubaga na gunia tupu, na Sauda ajue kwamba kuna kitu kimoja hakukipata.

Bi Mastura akalishusha jembe. "Kale, sawa," akasema. "Lakini ujue. Mwenye kinyongo na mimba ya mwenzake, mtoto akizaliwa hapewi kumshika. Hata kumwogesha. Mimi sitamlazimisha mtu, na sitarudi nyuma."

Nyumba ilikuwa na mtoto mmoja tu njiani, na mimi nilikuwa najifungia mlango wake. Lakini nilikuwa mkaidi. Nikauma meno, nikasema sawa.

Sauda alisikia yote. Alikwenda akaketi kivulini chini ya ukuta mmoja mrefu, akafunika uso kwa mtandio. Nikamtazama, maana mwenye wivu hachoki kutazama. Ndipo nikaona udongo mwekundu ukimwagika kidogo kidogo juu ya mtandio wake. Yeye akaukung'uta, labda alidhani ni upepo. Nikainua macho. Juu ya ukuta, pale majani yalipoishia, kulikuwa na ufa, na ufa ulikuwa unapanuka.

Sikufikiri chochote, mwanangu. Nilipiga kelele, "Sauda! Toka!" na kabla hajaelewa nilikuwa nimefika, nimemvuta mkono kwa nguvu zote, tukaanguka mbali kidogo, yeye juu yangu. Ukuta ukashuka. Pale alipokuwa ameketi pakajaa madongo makubwa, vumbi likatufunika, tukakohoa mpaka machozi yakatutoka.

Najua ungependa nikuambie kwamba wivu ulikufa palepale. Haukufa. Sauda alinikumbatia akilia, tumbo lake likanigusa, nikamsikia mtoto akicheza. Wivu ukanipanda mpaka kooni. Nikalia kwa sauti, nao wakadhani ni hofu.

Bi Mastura hakudhani. Alimtuma dereva ampeleke Sauda garini akanywe maji, halafu akanigeukia.

"Zaituni, wewe ni mwongo."

"Mimi, Mama?"

"Wewe. Unasema una kinyongo. Mwenye kinyongo angenyamaza tu. Kunyamaza ni kazi gani? Hakuna mtu angejua." Akaketi juu ya donge. "Mimi nilichimbia mke mwenzangu hapa hapa, na huyu Ramadhani alikuwa bado hajakuja duniani. Unafikiri nilikuwa naimba?"

"Ulikuwa na wivu?"

"Nilikuwa naugua nayo! Lakini wivu ni kutaka na wewe upate. Kinyongo ni kutaka yeye akose. Usichanganye hii mbili, halafu ukajificha nyuma ya desturi yangu. Wewe hutaki kuchimba. Sema hutaki."

"Sitaki," nikasema.

"Kale. Sasa chimba."

Nikachimba. Nilichimba nikilia, nimekasirika, jasho na vumbi vikiniganda usoni. Nikajaza gunia udongo mweupe, nikaramba kidogo, ukawa na ladha ya maji ya mtungi mpya. Kisha nikabeba kipande mpaka garini. Sauda alikuwa ameketi mlangoni, mguu mmoja hauna kandambili.

Nikasimama mbele yake. Ilibidi nimtazame usoni, na nilipomtazama maneno yakanitoka yenyewe. "Sauda, nakuonea wivu. Tangu ulipoanza kutapika nakuonea wivu."

"Najua, dada," akasema. "Ile papai, naona vile unaitazama." Akapangusa pua. "Na mimi naona wivu. Mama anataka shauri, anaita wewe. Bwana anataka shauri, anaita wewe. Mimi naitwa kama chai imeisha."

Hatukukumbatiana tena, na siku ile hatukuwa marafiki. Alifungua mdomo, nikamlisha udongo.

Sasa nisikilize, mwanangu, nikupe nilichokuitia. Nyinyi mnaona cha mwenzenu mchana kutwa kwenye simu: nyumba yake, mume wake, mtoto wake, safari yake. Mtaona wivu, na hilo si kosa. Usijifanye huna, maana unaofichwa ndio unaooza ukageuka kinyongo. Mwambie mtu mzima unayemwamini, na ukiweza mwambie mwenyewe unayemwonea. Na usingoje uishe ndipo umtendee mwenzio mema. Ningengoja wangu uishe, mpaka leo nisingekuwa nimechimba. Ila ukijikuta unaomba yeye apoteze, hapo ogopa, acha kila kitu, tafuta msaada wa kuurudisha moyo wako mahali pake.

Mimi sikujaliwa kuzaa. Wa Sauda alipozaliwa, nyumba ilijaa mashangazi na majirani, kila mmoja amenyoosha mikono. Bi Mastura alimpokea kwa mkunga, akawapita wote mmoja baada ya mwingine, akaja mpaka nilipokuwa nimejibanza nyuma ya mlango, akaniwekea mtoto mikononi.

Mungu akupe chako, mwanangu, kikujae mikono. Na akikichelewesha, au akikunyima kama alivyoninyima mimi, asikunyime moyo wa kukipokea cha mwenzio na kukilea. Amina.