Waya Uliopita Kando ya Breki

Were alikuwa fundi wa umeme wa magari kwenye uchochoro wa nyuma ya barabara ya Grogan, Nairobi, na mimi, Phoebe, nilikuwa nikiwauzia mafundi chai na mandazi hapo hapo. Hadi leo nikiyakumbuka yaliyompata, moyo unanichemka.

Alifanya kazi na Haron, fundi wa injini. Walitoka kijiji kimoja huko Nyanza, wakapanga nyumba jirani mtaa wa Satellite, wakaimba kwaya moja. Kazi waligawana hivi: penye oili ni pa Haron, penye waya ni pa Were. Na uchochoro ulikuwa na sheria yake: fundi hamuumbui mwenzake mbele ya mteja. Akiharibu mnanyamaza, mteja akishaondoka ndipo mnakabana makoo.

Mwaka wa sabini na nne akaja Mungai, mwenye maduka ya kupangisha huko Kinoo, nje ya jiji, na gari la Kimarekani alilouziwa na mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa kuukuu, refu kupita kiasi, lenye kifaa cha kushika mwendo: ukibonyeza kidude, linakwenda kwa kasi ile ile bila mguu wako, mpaka ukanyage breki ndipo linaachia. Kifaa kilikuwa kimegoma, na taa za breki ziliwaka zikipenda.

"Nataka kufungua gereji huko kwangu," Mungai alisema. "Mwenye atatengeneza hii gari vizuri, hiyo gereji ni yake kuendesha."

Wote wawili walisikia. Were, aliyelala matopeni chini ya magari ya watu kila msimu wa mvua, aliitaka gereji ile kuliko kitu chochote.

Alifuata waya kutoka mbele hadi nyuma na taa yake ndogo ya kupimia. Kwenye buti akakuta waya wa taa za breki umeoza, na kifaa kile kilitegemea waya huo huo. Akaubadilisha. Akalijaribu gari hadi mtaa wa Hurlingham: likashika mwendo, akagusa breki, likaachia. Alirudi anacheka peke yake. Akamwachia Haron abadilishe oili, akaenda zake nyumbani.

Kesho yake Mungai alilichukua. Karibu na Kinoo, penye kona, akakanyaga breki, gari likakataa kuachia. Yeye analizuia, lenyewe linavuta. Likaishia kwenye kabichi za watu. Mungai alitoka mzima, ila paji la uso lilivimba, na gari likavutwa kurudi kwetu, yeye akilifuata anafoka.

Were aliinama chini ya usukani, akafuata waya kwa vidole. Alichokiona aliniambia baadaye: kipande cha waya kilikuwa kimeungwa kupita kando ya swichi ya breki, kifaa kisipate habari kwamba breki imekanyagwa. Kilifungwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu. Uchochoro mzima, aliyefunga vitu kwa mpira wa tyubu ni Haron tu.

"Ni nini?" Mungai aliuliza.

Were alimtazama Haron, akasubiri. Haron akatazama pembeni.

"Kuna makosa, Mzee. Nitarekebisha."

"Makosa ya nani?"

Haron akajifuta mikono polepole. "Mzee, mimi nilimwambia huyu asiguse hiyo kitu. Anapenda kujaribu-jaribu na gari ya watu."

Were hakufungua mdomo. Sheria ya wote ilimfunga yeye peke yake. Mungai alimwita muuaji mbele ya uchochoro mzima, na gereji akampa Haron.

Haikupita muda mrefu Haron akaja, ovaroli mpya, uso mkunjufu.

"Omera, ndugu yangu, kuna lori pale Kinoo taa zake zimenishinda. Kuja unisaidie."

Were aliweka bisibisi chini. "Haron, ungeua mtu."

"Nani alikufa? Na wewe si ulinyamaza? Nikajua umeniachia gereji."

"Nilinyamaza nikikungoja wewe useme."

Haron alicheka, akaniagiza chai. Nikamwambia imeisha, na birika limejaa mbele yake.