Asiyebeba Jiwe

Wiki ile Kalunde hakuketi. Uji aliunywa amesimama mlangoni, muthokoi wa mahindi na maharagwe akaula akitembea kati ya jikoni na zizi, na kilemba chake alikifungua na kukifunga tena hadi nikachoka kumtazama. Mumewe Muindi, fundi wa mawe anayefanya kazi Kabati na kuja nyumbani mwisho wa wiki, alimpigia simu akasikia nyayo tu. Alimuuliza kama amekanyaga siafu.

Mimi ni karani wa kikundi chake. Nilipewa kazi hiyo nilipomaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani bila ajira. Si kwamba naweza kusimama mbele ya watu. Mwandiko wangu unasomeka, basi.

Kikundi chetu ni mwethya, watu sitini na mmoja wa kijiji kimoja upande wa Kyuso. Leo tunachimba matuta shambani kwa huyu, kesho kwa yule. Mwaka jana shirika moja lilikubali ombi tulilolirudia kwa miaka mitatu: litatupa simiti, vyuma na fundi, nasi tutoe mawe, ili tujengewe bwawa la mchanga. Bwawa la namna hiyo ni ukuta tu unaokatiza mto mkavu. Mvua ikinyesha, mto hushuka na mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa humo ndani, jua lisiyafikie. Mtu huchimba shimo akachota hata mwezi wa tisa. Kwetu, mwezi wa tisa, wanawake huamka saa tisa usiku kufuata maji.

Kalunde ndiye mwenyekiti. Alizaliwa milima ya Kilungu, ambako maji hutoka mwambani nyuma ya nyumba na watu hugombania mipaka ya miparachichi. Ameolewa kwetu miaka ishirini na tisa, lakini wazee wakikasirika bado humwita yule wa Kilungu. Nadhani ndiyo sababu alijifunza kujibu haraka. Ukimuuliza jambo, jibu lilikuwa likifika kabla swali halijamaliza kuvaa viatu. Tulimchagua kwa hilo hilo. Mwaka mbuzi walipokufa, wakati wanaume wanajadili nani aende kwa chifu, yeye alikuwa ameshaenda na kurudi.

Alitutungia sheria moja: asiyebeba jiwe hasemi. Ilikuwa sheria nzuri. Iliwanyamazisha watu waliokuja mkutanoni na fimbo na maoni marefu, halafu wakaenda nyumbani bila kushika sepetu. Hata Mbithe, mwenye miaka sabini na kitu, alibeba kokoto kwa bakuli ili asipoteze haki yake ya kutania watu.

Mahali pa kujenga palikuwa pawili. Mulei, mwenye punda wengi kuliko sisi wote, alitaka juu kwenye kona ya mto, karibu na shamba lake. Kalunde alitaka chini, mto unapobana, karibu na njia na karibu na nyumba nyingi, yake ikiwamo.

"Mulei anataka bwawa limwamkie kitandani," alisema. Watu wakacheka, na kura ikawa imeisha hapo.

Fundi wa shirika, kijana aitwaye Chege, alikuja na fimbo yake ya chuma, akaipigilia mchangani, akaukuta mwamba pote pawili, chini na juu. Kisha akauliza ng'ombe na mbuzi hulamba wapi ukingoni.

"Hakuna mahali pa kulamba hapa," Kalunde akajibu. "Wetu wanalamba chumvi ya dukani."

Watu wakacheka tena. Chege akatingisha kichwa, akaandika. Nami nikaandika.

Mawe tuliyabeba wiki tano. Jumatatu ya wiki ya sita, Mutisya alisimama juu ya ukingo akatutazama. Mutisya huchunga mbuzi za watu, na siku zake zote huishia kando ya mto huo. Hakuwa mwanachama, maana hakuna siku angeweza kuacha mbuzi aje kubeba jiwe.

"Mwenyekiti, mawe mazuri."

"Shuka basi ubebe moja."

"Nikishuka, mbuzi za Mulei zitamaliza ndengu zako. Endeleeni tu. Nyinyi mtapika bila kununua chumvi."

"Mutisya, rudi kwa wake zako," Mbithe akamwambia, akielekeza kidole kwa mbuzi.

Tulicheka wote, Kalunde pia. Ila yeye alicheka akiwa na jiwe kifuani, kicheko kikakatika, naye akabaki amelikumbatia hilo jiwe muda mrefu kuliko inavyohitajika. Tangu hapo hakuketi.

Kesho yake aliniita. "Chukua daftari. Usiniulize kitu." Tulitembea hadi tukampata Mutisya juu ya mto, amejifunika kofia usoni.

"Jana ulisema nini?"

"Mimi? Mimi sibebi jiwe. Sisemi."

"Mutisya."

"Sheria ni yako, mwaitu." Mwaitu ni mama, na alilisema kwa heshima kabisa, ndipo likauma.

Kalunde alitazama huku na huku. Akainama, akaokota jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto, akamtwika mikononi. "Haya. Umebeba. Sema."

Mutisya alicheka hadi akakohoa. Kisha akaliweka jiwe chini polepole, akatuongoza. Hatua kama themanini juu ya lundo letu la mawe, nyuma ya kichaka cha miiba, ukingo ulikuwa mweupe. Udongo ulikuwa umelambwa ukawa laini, una mabonde madogo madogo kama bakuli lililofutwa kwa kidole.

"Mvua ikiwepo wanyama hawana haja nao," alisema. "Kiangazi kikikolea wanakuja wote. Mto ukishuka unaosha hii chumvi, unapita, unaenda zake. Sasa nyinyi mnataka kuufungia hapo chini. Utakaa na chumvi kama nyama kwa sufuria."

"Mbona hukusema?"

"Kwa mkutano gani?"

Njiani kurudi, Kalunde alitembea mbele yangu, kisha nyuma yangu, kisha mbele tena. "Anachunga mbuzi za Mulei," alisema. "Pengine ametumwa." Baada ya hatua kumi: "Na kama hajatumwa?" Akasimama. "Mtu akiwa na sababu ya kudanganya, haimaanishi amedanganya. Sivyo? Wewe umesoma." Nilisema ndiyo, lakini nadhani hakunisikia.

Jumatano tulichimba mashimo mawili, moja pale petu na moja kwenye kona ya Mulei. Pale petu hakuna aliyewahi kuchimba maji ya kunywa, kwa sababu mchanga wake ni mwembamba na hukauka mapema. Tulichimba hadi mwambani, tukangoja maji yachuruzike kikombe kwa kikombe. Kalunde alikuwa na kipande cha sabuni ya bar na karai mbili. Maji ya kona yalitoa povu hadi kwenye vifundo vya mikono. Maji yetu yalikataa. Sabuni ilifanya mabaka meupe yakaelea kama maziwa yaliyoharibika.

Akasema pengine ni karai. Akabadilisha karai. Akasema pengine ni sabuni, akanituma dukani. Mara ya tatu aliniambia nifumbe macho, ninawe katika karai zote mbili, nimwambie bila kujua ipi ni ipi. "Mimi mkono wangu unaweza kuona kile roho inataka," alisema. Nilinawa, nikamwambia. Kisha akapika chai kwa maji ya pale petu, na maziwa yakakatika sufuriani.

Simiti ilikuwa ije Ijumaa. Wakitukuta hatuko tayari, lori lingepeleka simiti kijiji kingine, na kijiji hicho kilikuwa kinangoja tushindwe.

"Nikinyamaza," alisema akizunguka jiko, "hakuna atakayejua mpaka kiangazi kijacho. Na kiangazi kijacho nitasema ni mapenzi ya Mungu, na mtaniamini. Hilo ndilo linanitisha, kwamba mtaniamini." Alichukua kikombe, akakirudisha. "Na nikisema, Mulei atalitafuna hilo neno mpaka siku ya mazishi yangu. Atalitafuna hata huko mazishini, na chakula changu."

Alipanda kwenye kichuguu ambako simu hushika vizuri, akampigia Chege kuomba siku zaidi. Alirudi na jibu fupi. Jumatatu jioni. Baada ya hapo lori linaenda kwingine.

Alhamisi asubuhi aliwakusanya watu mchangani. Sala ilipoisha hakusema lolote la kutangulia. Aliniambia nisome kumbukumbu za siku Chege alipokuja.

"Soma kwa sauti," Mbithe akasema. "Haya si maombi ya kimya."

Nikasoma tena. "Fundi aliuliza wanyama hulamba wapi. Mwenyekiti alijibu kwamba hakuna mahali."

"Hapo," Kalunde akasema. "Hilo jibu sikuwa nalo. Sijawahi kuchunga mbuzi mto huu hata siku moja. Niliona aibu kusema sijui mbele yenu, nisije nikawa tena yule wa Kilungu. Mahali pa kulamba papo, pale nyuma ya miiba. Maji ya hapa ni ya chumvi."

Punda mmoja alilia. Kisha sauti za watu zikaja zote pamoja. Wiki tano. Mgongo wangu. Mtoto niliyemwacha na homa. Kimeu, aliyevunja kidole chini ya jiwe, alikiinua kile kidole, na hicho ndicho kilichomfanya Kalunde ainamishe kichwa.

Mulei alisimama. "Nilisema," alisema, akaketi. Akasimama tena. "Nilisema tangu mwezi wa tano."

"Ulisema," Kalunde akajibu. "Ulisema kwa sababu ni karibu na shamba lako. Na mimi nilikataa kwa sababu ni karibu na shamba lako. Kati yetu hakuna aliyeonja maji."

Akaweka karai mbili na sabuni, akamimina chai. Mbithe ndiye aliyekunywa kwanza. "Hii huwezi kumpa hata shemeji usiyempenda," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Mimi nilipoolewa, mbuzi walikuwa wakilamba pale. Nilidhani mnajua."

Kalunde akamwita Mutisya ashuke aseme.

"Huyo hajabeba jiwe," mtu mmoja akapinga.

"Amebeba moja. Karani aliona."

Wote walinigeukia. Nikatikisa kichwa kukubali, na kicheko cha kwanza cha siku ile kikatokea, ingawa kilikuwa kifupi.

"Na hata kama hangebeba," Kalunde akaendelea. "Ile sheria niliitunga kwa ajili ya wavivu. Imemziba mdomo mtu aliyekuwa kazini."

Mutisya aliulizwa kuhusu kona ya Mulei. "Hapo hawalambi, hapo nimeona," alisema. "Ng'ambo ya kona sijui. Huko huchunga mtu mwingine."

"Eti hajui," Mulei akanung'unika. "Sasa hata pangu mnataka kupapima?"

"Hata pako," Kalunde akasema. Na kabla watu hawajapiga kura alikuwa ameshaondoka kumtafuta huyo mchungaji mwingine. Alirudi saa nane, vumbi hadi magotini, akatangaza kwamba ng'ambo ya kona pia ni safi.

Kura ilisema tuhame. Lakini kura haibebi mawe. Watu ishirini na watatu walienda nyumbani, na wengine wao hawajarudi hadi leo. Waliobaki walihamisha mawe kilomita moja juu ya mto, siku nne, Jumapili ikiwamo baada ya ibada. Mulei alileta punda wake wote na maneno yake yote. Kila mzigo ulipopita alisema, "Taratibu na mawe ya Kilungu." Nilimwona Kalunde akifungua kinywa, akakifunga. Ilimgharimu kuliko mawe. Jumamosi Muindi alikuja kutoka Kabati, akamkuta mkewe amelala usingizi ndani ya wilbaro, miguu nje, katikati ya mchana. Hakumwamsha. Alivua shati lake la safari akaanza kupakia punda.

Jumatatu jioni Chege alipima lundo, akapima tena. Mawe hayakutosha. Mengine yalibaki chini, na waliokuwa wayabebe walibaki nyumbani. Ukuta ulijengwa, lakini ni mfupi kwa nusu mita kuliko ule wa kwenye karatasi. Kimeu huisema hiyo nusu mita kila mkutano, na Kalunde huniambia niandike.

Mvua ya Novemba ilishuka mara mbili tu. Mchanga umefika magotini nyuma ya ukuta. Kila Ijumaa Kalunde huenda huko na sabuni aliyoifunga kwenye pindo la leso. Juzi nilikwenda naye. Alichimba, akanawa, povu likapanda hadi vifundoni. Akaiinua mikono kumwonyesha Mutisya aliyekuwa juu ya ukingo.

"Unaona?"

"Naona," Mutisya akasema. "Lakini sasa ni mvua, mwaitu. Saa hii hata dimbwi la barabarani ni tamu. Uliza tena mwezi wa nane."

Nilingoja amjibu. Zamani angekuwa ameshamjibu. Alisuuza mikono, akaifunga sabuni kwenye leso, akaanza kupanda ukingo kwenda kuangalia ukuta upande wa pili, na bila kugeuka akaniambia niandike alivyosema Mutisya, kama alivyosema.